Pete ya Treni ya Pili

Saa moja kasorobo asubuhi, simu ya kibanda inaita. Mama Geti anainyanyua kabla mlio wa kwanza haujaisha, anasikiliza, kisha anarudia kila neno kwa sauti ya mwalimu aliyepewa darasa la watoto wakaidi.

"Ya abiria, kutoka mashariki, imeondoka stesheni. Nimepokea. Nafunga."

Anarudisha mkono wa simu mahali pake. Anatoka mlangoni, anapuliza kipenga, anapeperusha bendera, anarudi ndani na kuanza kuzungusha mpini. Nje, boriti mbili zenye mistari myekundu na myeupe zinashuka taratibu huku zikilia kwa kukosa grisi. Pikipiki moja inajipenyeza chini ya boriti sekunde ya mwisho, dereva kainamisha shingo.

"Na huyo ana mama yake nyumbani," anasema Mama Geti bila kugeuka.

Leo hayuko peke yake kibandani. Karibu na mlango ameketi mkaguzi wa reli, mwanamume mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa, kalamu mkononi. Nje, hatua chache kutoka kwenye boriti, amesimama mlinzi wa geti wa zamu nyingine akiwa na bendera nyekundu iliyokunjwa kwapani. Huyo amewekwa pale ili Mama Geti akikosea, watu wasife. Wote tuliomo ndani tunalijua hilo na hakuna anayelitaja.

Mwandishi wa makala haya amepewa dumu lililopinduliwa liwe kiti chake, na masharti mawili: asizungumze na asiguse kitu.

Simu inaita tena. Treni ya kwanza bado haijaonekana.

"Ya mizigo, kutoka magharibi, imepita daraja. Nimepokea. Geti limefungwa, linabaki limefungwa."

Anaweka simu na mkono wake unakwenda ukutani, kwenye msumari ulioning'inizwa pete ya chuma, pana kama bangili ya mtu mnene. Kabla hajaigusa, mkaguzi anakohoa.

"Hiyo pete iache kwanza, mama. Nataka nione kichwa."

Mkono unabaki hewani.  Kisha anaushusha, anaupangusa kwenye koti lake la rangi ya chungwa kama aliyetoka kuosha vyombo, na kusema, "Sawa, bosi." Kutoka upande wa mashariki, reli zimeanza kunong'ona.

Kwa nini pete ya chuma imtoe jasho mwanamke mzima, asubuhi ya baridi? Ili msomaji aelewe, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mama Geti ana miaka hamsini na nane. Vitambulisho vyake vina jina lingine, lakini mtaa mzima humwita hivyo, hata mumewe, hasa akiwa na njaa. Zaidi ya miaka ishirini amekuwa mlinzi wa kivuko hiki, mahali ambapo barabara inakatiza njia mbili za reli. Upande mmoja kuna soko, upande wa pili kuna shule na karakana za magari. Kwa hiyo kila asubuhi kila mtu anataka kuwa upande ambao hayupo, na wote wanamlaumu yeye.

Kibanda chake kina meza, simu, saa ya ukutani, birika na dirisha kubwa linalotazama barabara. Mpini wa kuzungushia upo mbele ya dirisha hilo, nyuma ya pazia fupi. Kazi ni kupokea simu, kufunga, kusubiri, kufungua. Ukiisikia inavyosimuliwa unaweza kudhani mtoto wa shule angeiweza.

Ugumu wake ni treni ya pili. Treni ya kwanza ikiwa njiani, simu huweza kuita kutangaza nyingine inayotoka upande wa pili. Hapo mlinzi anatakiwa aiache ya kwanza ipite, watu wapige honi, watukane, wawashe injini, naye asifungue. Ile ya pili haionekani bado wala haisikiki. Ipo kichwani mwake tu.

Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na dawa ya jambo hilo, na dawa yenyewe ni hiyo pete. Simu ya pili ikiita, unaivika kwenye mpini. Treni ya kwanza ikishapita na mkono ukakimbilia kufungua, unagusa chuma na kukumbuka kuwa bado kuna nyingine. Pete haivuliwi mpaka ya pili ipite. Siku alipostaafu, mzee yule alimwachia mwanafunzi wake kibanda, birika na pete.

"Nilimcheka," anasema Mama Geti. "Nilimwambia, babu, wewe na pete yako kama bibi harusi. Mimi kichwa changu ndiyo pete."

Na kwa miaka mingi kilikuwa hivyo kweli. Madereva wa treni walimjua, mkuu wa stesheni alimtolea mfano kwa walinzi wapya. Pete ilipewa kazi nyingine, ya kuzuia dirisha lisijipigepige upepo ukivuma.

Halafu, mwaka jana, asubuhi moja ya manyunyu, simu iliita mara mbili. Alizipokea zote, akarudia maneno yote. Treni ya kwanza ikapita. Basi la wanafunzi lilikuwa linapiga honi bila kupumzika, na mama mmoja wa sokoni alikuwa mlangoni akimwomba amwekee mzigo wake mpaka jioni. Mama Geti akamjibu yule mama, akazungusha mpini, boriti zikapanda.

Wa kwanza kuingia relini alikuwa kijana wa mkokoteni. Mtaani wanamwita Breki, kwa sababu mkokoteni wake haujawahi kuwa nazo. Alikuwa amebeba magunia ya viazi, kichwa chini, mgongo umepinda, kama wanavyosukuma wote. Hakuangalia kulia wala kushoto. Aangalie nini, geti si limefunguliwa?

Alifika kwenye reli ya pili aliposikia honi. Aliachia mikono na kujitupa. Treni ikapita na mkokoteni.

"Viazi vilikuja mpaka hapa mlangoni," anasema Mama Geti. Anaonyesha kwa mguu, na anauondoa haraka, kana kwamba bado vipo. "Nilisimama naviangalia. Niliogopa kuinua macho. Nilijua nikiinua macho nitamwona amelala."

Breki alivunjika bega tu. Neno "tu" ni la Breki mwenyewe. Watu wa soko walimchangia mkokoteni mwingine, bega likaunga, akarudi barabarani. Lakini tangu siku hiyo ana jambo moja ambalo Mama Geti analisimulia kwa shida kuliko ajali yenyewe. Akifika kivukoni, hata kama geti lipo wazi na watu wote wanapita, yeye anasimama. Anaweka chini mikono ya mkokoteni. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anaangalia kushoto tena. Ndipo anavuka.

"Ananiamkia vizuri kabisa. Shikamoo mama, hujambo mama. Hana kinyongo. Lakini hanisadiki. Na mimi hapa kazi yangu ni kusadikiwa, sina nyingine."

Alisimamishwa kazi. Baadaye akapelekwa kufagia jukwaa la stesheni wakati uchunguzi ukiendelea. Huko, kila treni ilipoingia, anasema, aliacha kufagia na kugeuka kutazama kama kuna nyingine nyuma yake. Wasafiri walidhani ni mzee anayesubiri mgeni.

Mumewe, fundi cherehani ambaye hushonea sebuleni, anakumbuka miezi hiyo kwa namna yake.

"Alikuwa hali chakula. Anaamka anauliza, nimefunga? Namwambia umefunga nini, mke wangu, upo kitandani. Nikamwambia twende hospitali. Akasema wakinikuta nina ule ugonjwa wa wazee wa kusahau kila kitu, basi nimekwisha, bora nisijue. Nikamwambia mimi nataka kujua, kwa sababu nitakayesahauliwa ni mimi."

Walikwenda. Majibu hayakuwa yale aliyoyaogopa. Daktari alimweleza kuwa hana ugonjwa huo. Alichokuwa nacho ni kitu ambacho wengi wetu tutakipata tukijaliwa umri: uwezo wa kushika jambo moja akilini huku ukishughulika na lingine umepungua, na umakini unachoka mapema. Akamwelekeza kwenye chumba kimoja cha kliniki ya wazee, ambako hospitali hiyo inajaribu mazoezi ya ubongo yasiyotumia dawa, sindano wala kisu.

Mama Geti anakiri kwamba alipoiona ile kofia alitaka kurudi nyumbani. Ni kofia ya kitambaa, inabana kichwa kama ya mwogeleaji, nayo imeshonewa vidude vidogo vyenye nyaya. Aliuliza kama inapiga shoti. Mtaalamu wa mazoezi, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, alimweleza kuwa kofia haiingizi kitu kichwani. Inasikiliza tu umeme mdogo ambao ubongo wenyewe unautoa, kama daktari anavyosikiliza moyo.

"Nikaogopa zaidi," anasema Mama Geti. "Nikafikiri watasoma siri zangu."

"Nikamwambia wakikuta humo deni la kitenge cha mwaka ule waniambie," anadakia mumewe.

Zoezi la kwanza ni la kukaa na kutazama. Kwenye kioo cha kompyuta mbele yake kuna picha ya taa. Umakini ukitulia, taa inawaka sawasawa. Akili ikitangatanga, taa inafifia. Hakuna kubonyeza wala kusukuma kitu. Kazi yote ni kugundua kuwa umeondoka, na kurudi. Mtaalamu anasema ugumu wake ni kwamba mtu akijilazimisha sana taa inazidi kufifia. Mama Geti, ambaye maisha yake yote amejilazimisha, alitoka siku ya kwanza na kichwa kinamgonga na hasira tele.

Zoezi la pili lilimshika pabaya zaidi. Anasikia ujumbe mmoja. Kisha anasikia wa pili. Anatekeleza wa kwanza, tuseme kupanga kadi za rangi, halafu anaulizwa wa pili ulisema nini. Wiki za mwanzo hakuweza. Kadi alizipanga vizuri, tena kwa haraka. Akimaliza, ujumbe wa pili umeyeyuka.

Mtaalamu aliketi naye siku moja akamwonyesha mchoro uliotoka kwenye kofia. Ujumbe wa pili haukuwa unampotea wakati anapanga kadi. Muda huo wote umakini wake ulikuwa imara. Ulikuwa unaporomoka mahali pamoja, kila mara palepale: alipoweka kadi ya mwisho.

"Akaniuliza, mama, hapo huwa unahisi nini? Nikamwambia nahisi nimemaliza. Mwili unalegea. Moyo unasema haya, pumzika." Anagusa kichwa chake. "Nikalia pale pale na kofia kichwani. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Treni ya kwanza ilipopita nilihisi nimemaliza. Watu wanasema nilisahau treni. Sikuisahau ilipokuwa inakuja. Niliisahau nilipopata nafuu."

Tangu siku hiyo mazoezi yao yakahamia kwenye kadi ya mwisho. Mtaalamu alimfundisha kuwa, pale anapohisi mwili unalegea, asisimame wala asiharakishe. Atoe pumzi, na ajiulize kwa sauti maneno mawili: nini bado? Walilirudia hilo hadi midomo ikawa inalisema yenyewe. Nyumbani, fundi cherehani akachukua zamu. Mke akiwa anapika, mume anamwambia mteja fulani atakuja kuchukua suruali ya kijivu, kisha anamchokoza kwa maneno mengine, anamsingizia ameunguza sufuria, halafu anauliza: nani anakuja, na kuchukua nini?

"Mara nyingine yeye ndiye anayesahau alichoniuliza," anasema Mama Geti. "Tunabaki tunatazamana."

Mtaalamu mwenyewe hapendi kupigiwa ngoma. Anasema mazoezi hayamrudishi mtu ujanani. Katika wazee anaowafundisha, wapo waliosonga mbele katika maisha yao ya kila siku, na wapo walioishia kuwa mabingwa wa mchezo wa kadi huku miwani bado wanaitafuta ikiwa usoni. Hajui mapema nani atakuwa nani. Kwa Mama Geti anaona maendeleo mazuri, taa inawaka kwa muda mrefu, ujumbe wa pili unabaki. Lakini alimwambia jambo moja alipomwona anaanza kutamba.

"Nilimwambia, mama, kichwa chako kimepata nguvu. Usikitume tena peke yake."

Jioni hiyo alikwenda kivukoni akiwa bado mfagizi, akamwomba mwenzake wa zamu amruhusu kuingia. Aliitoa pete kwenye dirisha, akaisugua kutu kwa majivu na kuitundika ukutani. Na mkaguzi alipotangaza siku ya kumpima, alikuwa amekwisha kuamua kwamba akirudi kwenye mpini, atarudi nayo. Hakujua kwamba ataombwa kuiacha.

Turudi kibandani.

Treni ya abiria inapita. Dirisha linatetemeka, birika linasogea juu ya meza, upepo wake unaingia mlangoni na vumbi na harufu ya breki za chuma. Behewa la mwisho likipita, ukimya unadumu kama mtu anavyovuta pumzi. Kisha barabara nzima inawasha injini.

Honi ya kwanza ni ya basi. Zinafuata za pikipiki. Sauti ya mwanamke inapenya: "Mama Geti, fungua basi, watoto wanachelewa."

Mkono wake unainuka. Nauona waziwazi, kwa sababu nipo chini kwenye dumu na macho yangu yapo sawa na mpini. Unainuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na kitu, na vidole vinaushika mpini mtupu. Nje, mlinzi mwenzake anaikunjua bendera. Mkaguzi haandiki. Kusema kweli mwandishi huyu, ambaye alizisikia simu zote mbili, wakati huo alikuwa anasubiri geti lifunguliwe kama watu wengine.

Mama Geti anatoa pumzi.

"Nini bado?" anasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kwenye mboga kumepungua nini. "Ya mizigo. Magharibi."

Anaondoa mkono.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini treni ya mizigo haiji. Dakika zinapita. Dereva wa basi anashuka, anashika kiuno, anatazama reli tupu upande wa kushoto na reli tupu upande wa kulia, kisha analitazama dirisha la kibanda kwa dharau isiyohitaji maneno. Mwanaume mmoja mwenye baiskeli anasema kwa sauti ya kusikika kwamba wazee wakichoka wapumzishwe. Nyuma yake, katikati ya foleni, yupo Breki. Ameegemea mkokoteni wake. Hapigi kelele. Anamtazama Mama Geti tu.

Uso wa Mama Geti unaanza kubadilika. Baadaye alinieleza kilichokuwa kinapita humo ndani. Alianza kujiuliza kama simu ile ya pili aliipokea leo au aliipokea jana mazoezini. Akajiuliza kama alisikia magharibi au alitaka kusikia magharibi. Kama pete ingekuwepo kwenye mpini, angeitazama, yakaisha. Mpini ulikuwa mtupu, na mpini mtupu, kwa mafundisho ya yule mzee, maana yake ilikuwa moja: fungua.

Jasho linamshuka pembeni ya sikio. Anamtazama mkaguzi. Mkaguzi anatazama daftari lake.

Ndipo Mama Geti anafanya kitu ambacho mimi, kwa ujinga wangu, nilikiona ni kushindwa. Ananyanyua simu.

"Stesheni, hapa kivukoni. Sina hakika. Ya magharibi imefika wapi?"

Kalamu ya mkaguzi inatembea kwenye karatasi. 

Sauti ya upande wa pili siisikii. Namwona tu yeye akifumba macho, akitikisa kichwa, akirudia. "Ilisimama mlimani, sasa inakuja polepole. Nimepokea. Geti linabaki limefungwa."

Haikuchukua muda. Kwanza reli zikaimba, kisha honi, kisha kikaja kichwa cha treni, cheusi na kizito, kikivuta mabehewa ya saruji yasiyoisha. Dereva wa basi alirudi kitini mwake. Mwenye baiskeli alikuwa anaangalia viatu vyake. Wakati behewa la mwisho linapita, Mama Geti alikuwa ameegemea ukuta, mkono kifuani, na midomo inatembea. Nini bado. Hakuna. Akapiga simu kutoa taarifa kuwa zote mbili zimepita, akashika mpini, boriti zikapanda.

Foleni ilipoisha, aliketi kwa mara ya kwanza.  Mara simu ikaita tena, na haukupita muda ikaita nyingine juu yake. Mama Geti akapokea, akarudia, akafunga. Safari hii mkono ulikwenda moja kwa moja msumarini, ukachukua pete na kuivika kwenye mpini.

"Mama," mkaguzi alisema, "nilikuambia pete iache."

"Ulitaka kuona kichwa, baba, umekiona," alijibu, bila ukali wowote. "Sasa naomba nifanye kazi."

 Mkaguzi akafunika kalamu yake.

"Haya. Fanya kazi."

Nje, wakati tunaagana, nilimuuliza mkaguzi kwa nini alimnyima pete. Alisema pete inaweza kuanguka, inaweza kuibwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, na alitaka kujua watu watakuwa salama kiasi gani siku hiyo. Na ile simu ya kuuliza? Alisema hilo ndilo aliloliandika kwa herufi kubwa. Alikuwa tayari kumrudisha kwenye ufagio kama angefungua bila hakika, na pia kama angeendelea kufunga kwa ubishi tu bila kuuliza.

Uamuzi ulitoka siku chache baadaye. Mama Geti anarudi kwenye mpini kwa zamu za mchana, si za usiku. Saa za msongamano atakuwa na mwenzake. Mazoezi ya kliniki ataendelea nayo, na atapimwa tena kabla mwaka haujaisha. Mumewe aliposoma barua alisema sasa wale wateja wa suruali wa kubuni wapewe likizo. Mkewe akamjibu hapana, wa suruali ya kijivu hajachukua.

Nilipopita tena kivukoni wiki iliyofuata, sikuikuta ile pete kama nilivyoiacha. Imepakwa rangi nyekundu ya boriti. Pazia la dirisha kubwa limeondolewa, kioo kimesafishwa, na kutoka barabarani mtu anaweza kuuona mpini kama anavyoona mzani dukani.

"Nilikuwa naona aibu waione," anasema. "Watasema mama kazeeka, anajifunga kamba kidoleni. Sasa nimewaambia wote, mkiona nyekundu kwenye mpini, bado moja. Msinipigie honi. Na siku mkiona nimefungua nyekundu ikiwa bado ipo, nipigieni kelele zote mnazozijua."

Wamelipokea. Asubuhi hiyo nilimsikia mtoto wa shule akimfokea dereva wa pikipiki: "Bado moja, huoni?" Dereva akazima injini.

Kustaafu kwake hakuko mbali. Namuuliza anatamani nini kabla ya siku hiyo. Nilitarajia aniambie shamba, au nyumba, au duka dogo la vitambaa pamoja na mzee wake. Anaangalia barabara.

"Yule kijana avuke bila kusimama," anasema. "Nikimwona anavuka kama zamani, kichwa chini, nakabidhi funguo siku hiyohiyo."

Geti liko wazi. Pete ipo msumarini, mpini hauna kitu. Kutoka upande wa soko anakuja Breki na mkokoteni wa vitunguu. Anafika kwenye boriti iliyoinuliwa, anasimama, anaweka chini mikono ya mkokoteni. Watu wanampita kulia na kushoto. Mama Geti ameacha kuzungumza na mimi.

Breki anatazama dirisha. Anautazama mpini kwa muda, kama anayesoma. Kisha anageuza kichwa kushoto, anaitazama reli mpaka inapoishia.

Anainama, anainua mikono ya mkokoteni, anavuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita."

Mama Geti anamsindikiza kwa macho mpaka anapotelea nyuma ya karakana. Anajifuta shavu kwa mkono wa koti na kujifanya ni vumbi.

"Umeona?" ananiuliza. "Ameangalia upande mmoja."

Simu inaita. Anainuka kuipokea.

"Umebaki upande mmoja."